Somo la Kikundi: Mmea Huu Unaitwaje Hasa?



 Somo letu mara hii linahusu majina ya mimea, wadudu na wanyama, na jinsi wataalamu wanavyoyapanga. Huenda mmoja wenu akasema, "Hayo ni mambo ya watoto wa sekondari, sisi tunataka somo la mbegu na mbolea." Subiri kidogo, mama. Hili ni somo la mbegu. Sisi wenyewe tulijifunza kwa hasara.

Tulivyoaibika

Kikundi kimoja cha akina mama upande wa Bomet kilichangishana kwa miezi mitatu ili kupanda mboga za kienyeji za kuuza. Walituomba tuwaandikie barua ya kuagiza mbegu kutoka wilaya nyingine. Tukaandika vizuri, tukapiga mhuri, na tukataja mboga kwa neno moja tu: managu.

Mbegu zikaja. Zikaota. Lakini kumbe yale majani yalikuwa madogo, na matunda yakaiva rangi ya machungwa badala ya nyeusi. Mboga ilikuwa chungu kuliko ile waliyoizoea wateja. Mwenye hoteli aliyekuwa ameahidi kununua akaonja, akakataa. Maneno yakaanza. Wengine wakasema katibu amekula pesa na kununua mbegu za bei ya chini. Katibu akalia mbele ya kikundi. Ikawa hata kanisani wanawake wawili hawasalimiani.

Mwishowe tulimwita afisa wa kilimo. Akachuma tawi, akaangalia majani na matunda, akasema, "Hii ni Solanum villosum. Ninyi mlitaka Solanum scabrum. Zote zinaitwa managu, na aliyewauzia hakuwadanganya." Basi. Hakuna aliyekuwa ameiba. Kosa lilikuwa katika barua yetu, na tuliomba msamaha. Tangu siku hiyo tuliamua kwamba somo hili lazima liandikwe.

Majina mengi, mmea mmoja

Hebu tuanze na ile mboga ambayo sokoni tunaiita saget. Sisi Wakipsigis huiita isagek. Ukivuka kwenda Kisii ni chinsaga. Mjaluo anaiita dek. Kwa Waluhya ni tsisaga, kwa Wakikuyu ni thageti, na Pwani utaisikia ikiitwa mwangani. Majina saba, na mmea ni ule ule mmoja wenye maua meupe na harufu yake kali. Kwa wataalamu wa nchi yoyote, awe Mkenya, Mhindi au Mjerumani, ni Gynandropsis gynandra.

Managu ni shida ya upande wa pili. Hapo jina ni moja na mimea ni mingi. Isoiyot ya Wakipsigis, rinagu ya Wakisii, osuga ya Wajaluo na mnavu ya Waswahili ni majina ya kundi la mimea inayofanana. Solanum scabrum ina majani mapana na matunda makubwa ya zambarau iliyokaribia weusi. Solanum villosum ina majani madogo na matunda yake huiva rangi ya machungwa. Zote huliwa, lakini si mboga moja.

Vivyo hivyo kwa "blugamu". Tunapanda miti hiyo kwa ajili ya kuni za viwanda vya chai, na tunaiita yote kwa jina moja. Lakini Eucalyptus zina aina zaidi ya 700. Zile zinazopandwa sana kwa kuni za viwanda ni Eucalyptus grandis na Eucalyptus saligna, na blugamu halisi ni nyingine kabisa, Eucalyptus globulus. Ukienda kununua miche na kusema "nipe blugamu", utapewa chochote kilichopo.

Wazee wetu nao walipanga

Tusidhani kwamba kupanga viumbe kulianzia Ulaya. Katika kitabu cha Mwanzo sura ya 2 tunasoma kwamba Mungu alimletea Adamu wanyama na ndege ili aone atawaitaje. Kutoa majina ni kazi ya kwanza aliyopewa mwanadamu pamoja na ile ya kutunza shamba.

Wazee wa Kipsigis waliifanya kazi hiyo vizuri sana. Waliita mti mmoja tebesuet na mwingine masineitet. Tebesuet ndiyo ile ambayo majani yake yakizeeka hugeuka rangi ya machungwa. Masineitet ina majani ambayo upande wa chini hung'aa kama fedha. Wataalamu walipokuja kuzichunguza walikuta kweli ni aina mbili za ndugu mmoja: Croton macrostachyus na Croton megalocarpus. Neno megalocarpus maana yake ni "yenye matunda makubwa", na macrostachyus ni "yenye shuke kubwa". Kwa hiyo mzee aliyekuonyesha tofauti hiyo porini bila kitabu ni mtaalamu pia.

Tofauti ni hii: mzee alipanga mimea ya eneo lake kwa watu wa eneo lake, mara nyingi kwa kufuata kazi ya mmea, kama ni dawa, kuni au mboga. Mtaalamu wa sayansi anatafuta mpango mmoja wa dunia nzima, na anafuata undugu wa viumbe wenyewe. Mipango yote miwili inahitajika.

Kutoka nchi hadi boma

Ukiandika barua na juu ya bahasha uandike tu "Cheruiyot, Kenya", haitafika. Akina Cheruiyot ni wengi. Simama sokoni Kapkatet uite jina hilo uone watageuka wangapi. Lazima utaje kaunti, lokesheni, kijiji, halafu boma la nani. Wataalamu hufanya hivyo hivyo. Wanaanza na kundi kubwa na kushuka ngazi kwa ngazi mpaka kwa kiumbe mwenyewe. Tuchukue chai yetu:

Ufalme: mimea.
Kundi: mimea inayotoa maua.
Oda: Ericales.
Familia: Theaceae.
Jenasi: Camellia.
Spishi: Camellia sinensis.

Zamani watu walikuwa wakigawanya viumbe katika falme mbili tu, mimea na wanyama. Siku hizi uyoga na ukungu wana ufalme wao, maana hawatengenezi chakula kwa jua kama mimea. Ule ugonjwa wa kuoza mizizi unaoua chai katika mashamba yaliyokuwa msitu, uitwao Armillaria, ni wa ufalme huo. Huishi katika visiki na mizizi ya zamani ardhini. Ndiyo maana wakulima hushauriwa kung'oa visiki na mizizi yote kabla ya kupanda chai.

Spishi ni nini? Kwa wanyama tunaweza kusema kwa urahisi: ni wale wanaoweza kuzaana, na watoto wao nao wakazaa. Ng'ombe wetu wa kienyeji akipandishwa kwa mbegu ya Friesian atazaa, na ndama wake akikua naye atazaa. Lakini punda na farasi wakizaa, mtoto wao ni nyumbu wa kubeba mizigo, na huyo kwa kawaida hazai. Kwa hiyo punda na farasi ni spishi mbili. Friesian na Ayrshire ni mbari tu za ng'ombe, si spishi mbalimbali. Kwa mimea mambo ni magumu zaidi, maana iko inayochanganyika, lakini wazo ni hilo.

Majina mawili kama ya mtu

Mtu aliyeweka utaratibu wa majina mawili ni Carl Linnaeus wa Sweden, aliyezaliwa mwaka 1707 na kufa mwaka 1778. Kabla yake mmea ungeweza kuitwa kwa sentensi nzima ya Kilatini. Mwaka 1753 alitoa kitabu cha mimea ambamo kila mmoja alipewa majina mawili tu. Mwaka 1758 akafanya hivyo kwa wanyama, na hapo binadamu wote, mweusi na mweupe, wakawa na jina moja: Homo sapiens. Sote ni spishi moja, na hilo Biblia ilikuwa imekwisha kutufundisha.

Jina la kwanza ni la jenasi, kama jina la ukoo. Jina la pili ni la huyo mwenyewe. La kwanza huanza na herufi kubwa, la pili huanza na herufi ndogo. Ukiandika kwa mkono, piga mstari chini ya yote mawili. Lugha ni Kilatini, kile cha kanisa la zamani, ambacho leo si lugha ya kabila lolote, basi hakuna anayeweza kulalamika kwamba mwenzake amependelewa.

Kuna kanuni zinazofuatwa duniani kote. Jina lililochapishwa kwanza kwa njia halali ndilo linaloshika. Kila jina hufungwa na mfano mmoja, yaani mmea uliokaushwa au mnyama aliyehifadhiwa katika jumba la makumbusho, ili ubishi ukitokea watu warudi kuutazama. Mpaka sasa viumbe karibu milioni 2 wamepewa majina, na walio bado ni wengi.

Hata mwalimu alikosea juu ya chai

Hapa kuna jambo la kutufurahisha sisi watu wa chai. Mwaka 1753 Linnaeus aliuita mmea wa chai Thea sinensis, maana yake chai ya China. Hapo alikuwa sawa. Lakini mwaka 1762 aliugawa mara mbili: Thea viridis kwa chai ya kijani na Thea bohea kwa chai nyeusi. Alidhani ni mimea miwili. Hakuwahi kufika China.

Kila mmoja wenu anayepeleka majani kituoni angeweza kumsahihisha. Majani mawili na chipukizi yanayotoka kichaka kile kile yakiachwa kiwandani mpaka yageuke rangi yanakuwa chai nyeusi. Yakipitishwa kwenye joto mapema yanabaki ya kijani. Katika miaka ya 1840 mkusanyaji wa mimea kutoka Scotland, Robert Fortune, alisafiri ndani ya China na kuona kwamba chai zote mbili zinatoka katika mmea mmoja.

Baadaye wataalamu walitazama maua ya chai, wakaona ni ndugu wa karibu wa Camellia. Mwaka 1887 Mjerumani Otto Kuntze akauandika Camellia sinensis, na ndilo jina tulilo nalo. Neno Camellia nalo lina habari yake. Linnaeus alilitoa kwa heshima ya Georg Joseph Kamel, bruda wa Kijesuiti aliyekuwa akitengeneza dawa za wagonjwa huko Manila, Ufilipino, na aliyeandika juu ya mimea ya huko mpaka kufa kwake mwaka 1706. Kwa hiyo mmea unaolipa karo zetu una jina la mtumishi wa kanisa.

Na zile namba mnazosikia, TRFK 6/8 au TRFK 31/8? Hizo si spishi. Ni vizazi vya kichaka mama kimoja kilichochaguliwa na watafiti wa Kericho na kuongezwa kwa vipandikizi. Hata ile chai ya zambarau, TRFK 306, iliyotolewa kwa wakulima mwaka 2011, bado ni Camellia sinensis. Ukinunua miche, spishi haitoshi, uliza namba.

Faida yake shambani

Kwanza, familia moja huugua pamoja. Viazi, nyanya, managu, pilipili na tumbaku ni familia moja, Solanaceae. Ule mnyauko wa bakteria unaoangusha viazi vikiwa bado kijani huitwa Ralstonia solanacearum. Tazama, jina lenyewe linataja familia. Mtu akivuna viazi, akapanda nyanya, halafu managu, anasema amebadilisha mazao. Hajabadilisha kitu. Adui amebaki mezani, akibadilishiwa sahani tu. Baada ya viazi panda maharagwe, mahindi au kitunguu.

Sukuma wiki na kabichi ni karibu zaidi ya hapo: ni spishi moja kabisa, Brassica oleracea. Basi usitoe kabichi iliyougua ukapanda sukuma palepale.

Pili, tukumbuke mwaka 2011. Mwezi wa Septemba, huku kwetu Bomet, sehemu za Longisa, mahindi yalianza kukauka kuanzia majani ya juu, na magunzi yakatoka bila punje. Wengi walibaki bila kitu cha kuweka ghalani. Mpaka ugonjwa upate jina, kila mtu ana dawa yake. Mwaka 2012 wataalamu walitangaza kwamba ni virusi viwili vinavyoshambulia mahindi kwa pamoja, kimoja cha mahindi na kingine cha miwa. Sasa angalia familia. Mahindi, miwa, mtama, wimbi na nepia zote ni familia ya nyasi. Ndiyo maana ushauri uliotolewa ni kupumzisha shamba kwa zao lisilo la nyasi, kama viazi, maharagwe au mboga, na kung'oa mahindi yaliyougua. Aliyetoa mahindi akaweka mtama aliendelea kumlisha adui katika familia ile ile.

Tatu, viwavijeshi. Wale tuliowazoea ni Spodoptera exempta, wanaotembea kwa makundi na kumaliza majani na malisho. Mwaka 2017 ilithibitishwa kwamba Kenya imevamiwa na ndugu yao kutoka Amerika, Spodoptera frugiperda. Jenasi moja, tabia mbili. Huyu mgeni hujificha ndani ya moyo wa mhindi, na hata huingia gunzini. Mtazame: kichwani ana alama kama herufi Y iliyopinduliwa, na karibu na mkia ana madoa manne yaliyopangika kama mraba. Ukipuliza dawa juu juu, yeye yumo ndani amelala. Dawa ni lazima ifike moyoni mwa mmea, mapema, kiwavi akiwa bado mdogo.

Kwa nini wanabadilisha majina?

Wengine hulalamika kwamba wataalamu hawatulii. Senetwet, ambayo mkaa wake tunautumia kwenye sotet za mursik, ilikuwa Cassia didymobotrya. Tangu mwaka 1982 ni Senna didymobotrya. Saget nayo wengi waliijua kama Cleome gynandra. Hii si kigeugeu. Mtu akigundua kwamba mtoto aliandikwa katika boma lisilo lake, humrudisha kwao. Angalia kwamba jina la pili, didymobotrya au gynandra, halikubadilika; mtoto ni yule yule. Siku hizi wanapima hata chembe za urithi ili kujua nani ni ndugu wa nani.

Kazi ya kikundi

Tunapendekeza kila kikundi kitengeneze daftari la mimea yake. Hakuna gharama kubwa.

1. Chagueni mimea 10 mnayoitumia: mboga, miti, malisho.
2. Kateni tawi lenye majani pamoja na ua au tunda. Jani peke yake halitoshi.
3. Litandazeni katikati ya magazeti makavu, mweke mawe mazito juu. Badilisheni magazeti kila siku mpaka likauke.
4. Libandikeni kwenye karatasi ngumu. Andikeni jina la Kipsigis, jina la sokoni, mahali, tarehe, rangi ya ua na tunda, na matumizi yake. Rangi hupotea likikauka, kwa hiyo iandikeni siku ile ile.
5. Ulizeni wazee wasiopungua wawili, kila mmoja peke yake. Wakitofautiana, andikeni yote mawili.
6. Mpelekeeni afisa wa kilimo au wa misitu awasaidie jina la kisayansi. Ukiwashinda wote, uko mkusanyiko mkubwa wa mimea iliyokaushwa ya Afrika Mashariki katika Makumbusho ya Taifa, Nairobi.

Onyo: msile wala kunywa mmea kwa sababu tu jina lake linafanana na lile mnalolijua. Katika familia ile ile ya managu na nyanya yumo Datura, lile gugu la tunda lenye miiba, na hilo ni sumu.

Maswali ya kujadiliana

1. Ni mmea gani hapa kwetu una majina zaidi ya matatu?
2. Ni jina gani tunalotumia kwa mimea miwili au zaidi? Limewahi kutuletea hasara?
3. Katika misimu mitatu iliyopita, shamba la kikundi limepandwa nini? Mazao hayo ni ya familia ngapi?
4. Ni nani kijijini anayejua miti kuliko wote? Nani amekaa naye akaandika?

Swali la nne msiliruke. Wazee wetu wanaondoka, na kila anayeondoka anakwenda na majina.

Na kile kikundi cha Bomet? Msimu uliofuata waliagiza tena. Safari hii barua iliandikwa na katibu yule yule aliyelia. Aliandika: "Managu, Solanum scabrum, ya majani mapana na matunda meusi." Mbegu zilipoota, wale wawili walipalilia mstari mmoja pamoja.

Bwana aliyetupa kazi ya kutoa majina atusaidie tuyatumie vizuri. Mpaka somo lijalo, kazi njema.